Mawe kwenye Mdomo wa Bomba

Kamwene, vijana. Salamu imetosha, sasa tugombane.

Mwezi uliopita walikuja kwangu Nyololo watatu wenu, wametoka Iringa mjini, wamevaa ovaroli mpya ambazo hazijawahi kuonja grisi. Wakakaa sebuleni, wakanywa chai yangu, wakaniwekea boksi mezani. Ndani ya boksi pampu, juu ya boksi namba nyekundu kubwa. "Bibi," akasema yule mwenye miwani, "hii inasukuma lita elfu kumi kwa saa. Tunajenga tangi la matumbawe kwenye mgahawa, kina chake mita mbili na nusu. Tunataka utuambie kama moja inatosha au tuongeze ya pili."

Nikamwuliza hizo lita elfu kumi amezipima na nini. Akanionyesha boksi. Jamani! Mtu mzima, ana ndevu, anapima maji kwa boksi.

Namba ya kwenye boksi ni ya pampu iliyokaa chini, haijapandisha maji popote, haina bomba mdomoni. Sasa ipandishie maji mita tatu, yapitishe kwenye bomba jembamba, kisha weka elbo saba, zile kona za bomba, kwa sababu mwenye mgahawa hataki bomba lionekane, halafu uje uniambie zimebaki lita ngapi. Kila elbo inakula. Chukueni ndoo ya lita ishirini, shikeni saa, kingeni maji kulekule juu yanakotokea, hesabuni sekunde. Hiyo ndiyo namba yenu, nyingine ni mapambo. Niliwatoa nje na pampu yao mpaka kwenye simtangi langu, tukafunga bomba, tukapima. Hazikufika nusu. Mwenye miwani akakuna kichwa, akasema labda ndoo yangu ni kubwa kuliko ndoo za kawaida.

Nyoo! Ndoo kubwa!

Wamekula, wameondoka, hasira imebaki, ndiyo maana naandika. Nasikia siku hizi kila mwenye hoteli Mbeya na Iringa anataka bahari ukumbini, na ninyi mmeshajiita mafundi wa akwaria kwa kuangalia video mbili na nusu. Haya. Nitawaeleza habari ya tangi moja tu, na msidhani ni ninyi peke yenu mtakaotukanwa humu.

Mimi Tumaini ni mtoto wa Igowole. Bahari nimeiona mara moja, nilipopelekwa semina, na sikuipenda, joto lile na kelele. Kazi nimejifunzia Mufindi kwenye mashamba ya chai, ndani ya nyumba ya pampu, na aliyenifundisha ni Mzee Kihwele, Mungu amrehemu, mtu ambaye hakucheka hata siku ya mshahara. Alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye mota na mpini sikioni, anafumba macho, halafu anakwambia beringi ya upande gani inaumwa. Wiki yangu ya kwanza niliwasha pampu bila kuijaza maji. Ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, mimi nikadhani ndiyo inapata nguvu. Mzee Kihwele akaja mbio, kandambili mguu mmoja, akazima, akanitazama.

"Tumaini," akasema, "umeikaanga."

Akafungua, akatoa sili iliyoungua, ile pete ya kuzuia maji, akaitia kamba, akanivalisha shingoni. Niliivaa wiki nzima. Wachuma chai wananiuliza mkufu nimeununua wapi. Tangu siku ile sijawasha pampu kavu. Ninyi mkikaanga pampu mnaweka picha kwenye grupu, mnatumiana vikatuni vya kulia, kesho yake mnakaanga nyingine.

Basi, nilipobakiza miaka michache kustaafu, nikaitwa Mbeya, kwenye hoteli moja ambayo siitaji. Nikapanga chumba mtaa wa Soweto, asubuhi naenda kwa miguu. Mwenye hoteli nitamwita Mkurugenzi, kwa sababu ndivyo alivyotaka kuitwa, nasikia hata na mkewe. Alisafiri nje akaona tangi la matumbawe kwenye hoteli ya watu, akarudi nalo kichwani. Akajengewa la kwake ukumbini: kioo kinene, urefu wa lori dogo, kina kinachomzidi mtu mrefu aliyenyoosha mikono. Chumvi ya bahari ikaja kwa magunia, ikakorogwa kwenye mapipa. Matumbawe yakaja kwa ndege, ya kupandwa, na vibali vyake vyote. Na huyu mtu aliyeleta vyote hivyo, siku ya kwanza nafika, namkuta anamweleza mgeni wake kwamba yale ni mawe fulani yanayoota.

Mawe! Mnacheka, lakini nusu yenu mnafikiri hivyohivyo. Tumbawe ni mnyama. Wanyama wadogo wadogo maelfu, wamejijengea nyumba ya mawe, wamekaa humo na vinywa juu. Hana miguu ya kufuata chakula, hana mkono wa kujipangusa. Maji ndiyo yanamletea chakula na maji ndiyo yanamsafisha. Yakisimama, uchafu unamtulia usoni, anatoa ute, anaoza akiwa hai. Kwa hiyo ukiniuliza tangi lina taa gani, nitakusikiliza nikipata nafasi. Kwanza niambie maji yake yanakwenda wapi.

Mtunza tangi alikuwa Masanja, Msukuma. Wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao wakati yeye bado anabebwa mgongoni, akakulia hukohuko kwenye ng'ombe na mpunga. Hotelini alianza kwa kukata majani. Tangi alipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kulowana mpaka kwapani asubuhi ya mwezi wa sita, na baridi ya Mbeya mnaijua. Alikuwa mtu wa maneno machache, mpole mpaka unaudhika.

Ndani ya tangi kulikuwa na tumbawe moja la duara, kubwa kama sufuria ya shughuli, limechorwa mifereji juu mpaka linafanana na ubongo. Lilifika kwenye mfuko uliopasuka, jeupe, karibu limekufa. Mtaalamu aliyekuja kulifunga tangi alisema litupwe. Masanja hakulitupa. Alilishusha chini kabisa, kona ya nyuma ambako mwanga si mkali, akawa analilisha kwa kibanio kirefu, kamba mmoja mdogo, kinywa kimoja, kisha kingine, miezi mingi, mpaka likarudisha rangi, kijani na kahawia ya asali. Mkurugenzi alipoliona limependeza akalipiga picha, akaliweka kwenye bango la hoteli barabarani. Hapo likawa la kwake. Kwa maneno yake mwenyewe: "Hilo likifa, Masanja anarudi kwa ng'ombe." Na Masanja alikuwa na watoto watatu shuleni, na mke aliyefuma masweta ya kuuza.

Yule mtaalamu, sitasema alitoka mji gani, alikuwa amefunga pampu zote juu. Kwa nini juu? Kwa sababu juu ndiko mkono wake ulikofika. Uso wa maji unachemka, povu linaruka, wageni wanasema lo, bahari kweli! Chini mita mbili hakuna kinachotikisika. Mchanga umeota utando mwekundu, mavi ya samaki yamejaa kwenye mawe. Nilicheka mpaka nikashika kioo. Nikamwambia Mkurugenzi, mtaalamu wako ameosha kofia ya mtu mwenye miguu michafu. Alipenda hiyo, akawa anairudia kwa wageni. Na mimi nikavimba.

Kwa hiyo nikateremsha midomo ya mabomba. Mbili upande wa kushoto, moja chini moja katikati, zote zinapuliza kulia, moja kwa moja. Nikawasha. Mama yangu! Mchanga ukanyanyuka wote, tangi likawa uji wa ulezi. Ulipotulia, tukakuta tumbawe lililokuwa karibu na bomba limechubuka upande mmoja, nyama imetoka, mfupa unaonekana.

Hapa sasa sikilizeni, maana kosa lililofuata halifanywi na mtu wa pwani. Linafanywa na sisi. Sisi tumekuzwa kwenye vinyungu, zile bustani za bondeni tunazomwagilia kiangazi kwa mfereji. Mtoto wa kike wa Igowole, kabla hajajua kusoma, anajua kwamba maji yakiingia kinyunguni kwa nguvu yanabeba udongo na mbegu. Unaweka mawe kwenye mdomo wa mfereji, unaweka majani, maji yanavunjika nguvu, yanaingia yakinyata. Mama alinichapa mara mbili kwa kusahau hayo mawe. Mkono wangu ulishafundishwa. Nilipoona mchanga unaruka, sikufikiri hata dakika moja. Nikachagua mawe, nikayapanga mbele ya midomo ya mabomba.

Maji yakatulia. Mchanga ukalala. Tangi likang'aa mpaka unaona samaki wa mwisho. Mpishi, Mhehe wa Kilolo, akatoka jikoni na kijiko chake akasema, "Hapo sasa, mama, umefunga kazi." Dada wa mapokezi, Mnyakyusa, akapiga picha. Wote watu wa nyanda za juu, wote macho yetu yamefundishwa kwamba maji mazuri yananyata. Tukapongezana.

Masanja peke yake alisimama mbele ya kioo muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Fundi, naona haya maji yamelala."

"Yamelala?" nikamwuliza. "Ulitaka yacheze ngoma?"

"Kule kona ya nyuma, fundi. Naona kama hayafiki."

Nikageuka kwa wenzangu, kwa sauti ya kutosha: "Jamani, mtu wa ng'ombe ananifundisha maji! Yeye maji anayajua ng'ombe akishainamisha kichwa." Ukumbi mzima ukacheka. Mpishi alicheka mpaka kijiko kikaanguka. Masanja naye akatabasamu, kwa adabu, akarudi kwenye ndoo zake.

Ikawa ndiyo tabia. Akipita, mtu anasema, "Masanja, ng'ombe wameshiba?" Akisema neno lolote kuhusu tangi, mtu anajibu, "Kamwulize ng'ombe." Mimi ndiye niliyeanza, na niliendelea, kwa sababu kila nikisema nilichekewa, na mtu aliyezoea nyumba ya pampu, ambako hakuna wa kumchekea, anaipenda sana ile sauti. Mchana mmoja nilimwambia, kama anaona kona ni chafu, afyonze uchafu kwa mpira yeye mwenyewe, ana mapafu ya kufukuza ndama. Na alifyonza, kila asubuhi, kimya. Bila yeye lile tumbawe lingekufa wiki ya pili.

Wiki ya tano likaanza kuumwa. Rangi ilififia upande wa ukutani, kisha ukatokea ute wa kahawia, kisha mfupa mweupe, mkubwa kama kiganja. Alhamisi Mkurugenzi akatuita mimi na Masanja mbele ya kioo. Akauliza nini hiki. Mimi nilikuwa nimeshaanza kujua. Nilikuwa nimeona vumbi limelala juu ya lile tumbawe kama unga juu ya kinu. Nikaangalia mawe yangu, nikaangalia uso wa Mkurugenzi, nikasema, "Huenda analilisha kupita kiasi."

Maneno manne. Masanja akanitazama. Hakukana.

"Jumatatu naamua," Mkurugenzi akasema, akaondoka.

Ijumaa asubuhi nafika, namkuta Masanja juu ya ngazi, mkono ndani ya tangi mpaka begani, kibanio kirefu kimefika mchangani. Alikuwa amefumua sweta jekundu kuukuu la mkewe, amekata nyuzi za urefu wa kidole, kila uzi ameufunga kwenye kijiti cha plastiki, na vijiti amevichomeka mchangani kila baada ya shubiri mbili, kutoka kushoto mpaka kona ya nyuma, vingine amevibana kwenye mawe ya katikati na juu. Akashuka, akapangusa mkono.

"Fundi," akasema, "njoo uangalie."

Nikaangalia. Karibu na mabomba nyuzi zinatikisika kidogo. Hatua moja mbele, zinapumua tu. Katikati, hakuna. Kona ya nyuma uzi ulikuwa umening'inia chini, umekufa kabisa, na umeshashika vumbi. Hakusema nilikwambia. Nyuzi zenyewe zinasema, na mimi fundi wa miaka thelathini kazini sikuwa nimewahi kufikiri kuweka uzi ndani ya maji ili niyaone. Niliona haya mpaka masikio yakawasha.

Vijana, hilo lichukueni bure. Msifunge tangi lolote bila nyuzi. Mkifika mahali uzi umening'inia, hapo ndipo uchafu utakapolala, hapo ndipo mnyama atakapokufa. Na mkifika mahali uzi umenyooka kama umevutwa na mtu, usioyumba hata kidogo, hapo nyama itachubuka. Mnatafuta uzi unaokwenda huku, unarudi, unajizungusha, hautulii.

Nikamwuliza, "Sasa tufanyeje?" Ndiyo mara ya kwanza nilimwuliza swali.

Akachuchumaa, akachora sakafuni kwa kidole kilicholowa. "Kwetu bondeni jaruba la mpunga lina milango miwili ya maji. Ukiacha mlango mmoja wazi siku zote, maji yanazoea njia. Yanapita hapohapo, katikati panakuwa bwawa, kona zinakauka. Kwa hiyo tunaweka zamu. Huu unafungwa, ule wa upande wa pili unafunguliwa. Maji yakija kutoka upande yasikozoea, yanapotea njia, na yakipotea yanafika kila mahali."

Aliyekuwa anajua maji ng'ombe akiinamisha kichwa! Niliyatoa mawe yangu kwa mkono wangu mwenyewe, moja moja, na yalikuwa mazito.

Tulifanya kazi Ijumaa, Jumamosi na Jumapili baada ya misa. Pampu mbili tukaziweka pande mbili, kila moja na taima yake: ya kushoto inasukuma, inapumzika, ya kulia inachukua zamu. Midomo hatukuielekeza tena kwa mnyama yeyote wala mchangani. Tuliielekeza kwenye kioo na kwenye mwamba, yale mawe yaliyobeba matumbawe, maji yagonge, yavunjike, yatawanyike. Kuvunja maji na kuyazima ni vitu viwili, mimi nilikuwa nimeyazima. Mwamba wote, ambao yule mtaalamu aliuegemeza ukutani, tukausogeza mbele mpaka mkono ukapita nyuma yake. Watu wengi mnaegemeza. Maji hayana pa kupita, halafu mnanunua pampu kubwa zaidi.

Bado uzi wa kona ile uliyumba kidogo tu, kwa sababu ya kina. Hapo ndipo ufundi wangu ulipopata kazi. Nilikumbuka vyoo vya zamani vya kuvuta mnyororo: maji yanajaa taratibu, yanaondoka yote kwa mkupuo. Tukapandisha pipa la plastiki juu ya tangi, kwenye fremu ya chuma. Pampu ndogo inalijaza polepole. Ndani ya pipa kuna bomba pana lililopinda juu kama mpini wa bakora. Maji yakishafunika ule mpindo, yanajinyonya, yanashuka yote na kwenda kugonga nyuma ya mwamba, pipa linakuwa tupu, hewa inaingia, linaanza kujaa upya. Hakuna mota, hakuna taima. Nusu siku liligoma, linamwaga kidogokidogo kama mzee mwenye kibofu, mpaka tukaweka kijibomba chembamba cha kupumulia pale kwenye mpindo. Na lilipokubali mara ya kwanza, hatukuwa tumepunguza maji ya tangi. Pipa zima likashuka, tangi likafurika, zulia la Mkurugenzi likalowa mpaka mapokezi.

Masanja akaangalia zulia, akaniangalia mimi, akasema, "Fundi, sasa tumelima mpunga."

Nilicheka nikakaa chini kwenye maji. Tulicheka wote wawili. Jumapili jioni uzi wa kona ya nyuma ulikuwa unalala kushoto, unanyanyuka, unazunguka, unalala kulia. Masanja akalilisha lile tumbawe kamba mmoja, upande uliokuwa bado una nyama, na kinywa kikafunguka kikamchukua.

Jumatatu Mkurugenzi akaja, na wafanyakazi wamekusanyika. Vumbi limeondoka, ute umeondoka, upande mzima wa tumbawe umevimba vizuri, vinywa wazi. Pipa likamwaga, gwaa, samaki wakapepea wote. Mkurugenzi akapiga makofi.

"Fundi, hongera. Hii ndiyo elimu." Kisha akamgeukia Masanja. "Wewe nusu ya tumbawe langu umeshaliua kwa kulilisha. Nenda kachukue vitu vyako."

Nikasema. Nataka mjue kwamba nilisema, mbele ya wote, na sikumung'unya. "Mkurugenzi, hajaua yeye. Niliyaweka mawe mimi, nikazima maji. Kulisha kupita kiasi nilimsingizia. Na hii yote unayoiona, nyuzi, zamu, ni kichwa chake. Mimi nimeweka pipa tu."

Mkurugenzi akatabasamu, akanishika bega. "Mama, una huruma sana. Lakini si wewe mwenyewe uliyetuambia maji anayajua ng'ombe akishainamisha kichwa?"

Wakacheka. Ukumbi mzima, kama siku ile. Mpishi, dada wa mapokezi, walinzi. Nikapaza sauti, nikasema si mzaha, nasema kweli, naapa. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka, na mpishi akasema, "Mama leo ameamka na utani wa Kisukuma!" Nilimshika Mkurugenzi mkono wa koti nikamwambia kama ni kufukuza, nifukuze mimi. Akautoa mkono wangu polepole, akaniambia nipumzike, nimechoka na kazi ya siku tatu.

Masanja alikuwa amesikia yote. Alisubiri kelele zipungue, akaja karibu.

"Umesema vizuri, fundi," akaniambia. "Asante. Taima ya kushoto inachelewa dakika moja, uiangalie." Akachukua kibanio chake kirefu, akakifuta, akakining'iniza kwenye msumari wake, akatoka kwa mlango wa jikoni.

Nilimpigia simu baada ya wiki, alikuwa amesharudi Usangu. Alipokea, akanisalimia vizuri, akaniuliza habari za kona ya nyuma. Nikamwomba radhi. Akasema yamekwisha. Nikamwambia nitahangaika mpaka arudishwe kazini, akaniuliza tena kama nyama imeanza kurudi upande mweupe.

Nilihangaika. Nilimwendea Mkurugenzi mara nne, ya mwisho akanikataza kulitaja jina hilo. Nilikaa na lile tangi mpaka nikastaafu. Likawa maarufu, wageni wanaletwa kwangu nimeshika ndoo, wanaambiwa huyu ndiye mama aliyebuni zamu za maji. Kila mara niliwajibu kwamba aliyebuni ni Masanja, mfuga ng'ombe wa Usangu. Na kila mara, kabla mgeni hajasema neno, wafanyakazi wote walikuwa wameshaangua kicheko, na kicheko kile niliwafundisha mimi.